Sanduku la Askari Wadogo: Tunampa Mtoto Vita vya Nani?

Tangu Idi iliyopita, kamati ya msikiti wetu imekuwa ikipokea swali ambalo hatukulizoea. Baadhi ya familia zina ndugu wanaoishi Uingereza, na ndugu hao wanapowakumbuka watoto huwatumia zawadi. Miongoni mwa zawadi hizo mna masanduku ya askari wadogo wa plastiki, kila mmoja akiwa na urefu wa pingili moja ya kidole gumba, pamoja na vichupa vya rangi na brashi nyembamba za kuwapakia. Watoto wamezipenda. Wazazi wamegawanyika. Wako wanaouliza kama sanamu hizo zinafaa kuingia nyumbani mwa Muislamu, na yuko mama mmoja aliyeuliza jambo jingine, ambalo kwa maoni yetu ni zito zaidi: kwa nini mwanawe, mwenye jina la swahaba, kila jioni huwapa ushindi askari wa Kizungu, na wale waliovaa kanzu na vilemba hufa wote?

Tuliona si insafu kujibu kabla ya kukaa na watoto wenyewe na kuitazama kazi inavyofanyika. Tumekaa nao jioni kadhaa, baina ya Alasiri na Magharibi, visu na rangi vikiwa mezani, na makala haya ni matunda ya vikao hivyo.

Askari wa kuchezea si jambo la jana. Katika karne ya 18, mafundi wa Nuremberg huko Ujerumani walikuwa wakiwamimina kwa bati, bapa kama sarafu. Mwaka 1893 kampuni ya William Britain ya London ikaanza kuwatengeneza kwa madini ya risasi wakiwa watupu ndani, bei ikashuka. Mwaka 1913 mwandishi H. G. Wells akatoa kitabu kiitwacho Little Wars, chenye kanuni za kuwapiganisha sakafuni, huku akishikilia kwamba vita vya sakafuni ni heri kuliko vile vya kweli. Mwaka uliofuata, Ulaya nzima ikaingia katika vile vya kweli.

Plastiki ndiyo iliyobadilisha mambo. Airfix, kampuni iliyoanzishwa London mwaka 1939, ilianza mwaka 1959 kutoa visanduku vyenye makumi ya askari wadogo, kwa bei ambayo mtoto aliweza kuilipa kwa pesa zake za mfukoni. Kipimo kinachotumika zaidi leo kwa askari wa aina hiyo ni 1/72, maana yake mtu wa sentimita 180 anakuwa milimita 25. Kila sanduku lilibeba jeshi moja la enzi moja. Aliyetaka jeshi ambalo kiwanda hakikulitoa, ilimlazimu achukue kisu, amkate huyu kichwa ampe yule, amvue mmoja kofia amvishe nyingine, mpaka apatikane askari asiyeuzwa popote. Waingereza huiita kazi hii kugeuza. Nasi tunalipenda neno hilo kuliko neno kuumba, kwa sababu kuumba kuna Mwenyewe.

Sasa turudi kwa swali la yule mama. Katika miaka ya 1960 Airfix ilitoa sanduku la Mabedui wa Kiarabu, wengine juu ya farasi na ngamia, na sanduku jingine la Jeshi la Kigeni la Ufaransa. Ilikuwapo na ngome ya plastiki iliyoitwa Fort Sahara, ya kukamilisha mchezo. Mtoto hakuhitaji kuelezwa kitu. Mwenye ngome ndiye mtetezi, na mwenye ngamia ndiye mshambuliaji. Historia inasema vingine. Jeshi la Kigeni liliundwa mwaka 1831, mwaka mmoja baada ya Ufaransa kuivamia Algeria, na ngome zake zilisimama juu ya ardhi ya watu hao hao waliofanywa washambuliaji. Amir Abdulqadir al-Jazairi aliwapinga Wafaransa kwa muda wa miaka 15, kuanzia 1832 hadi 1847, na mtu huyo huyo, akiwa uhamishoni Damascus mwaka 1860, aliwakinga Wakristo wa mji huo wasiuawe na umati. Sandukuni hayumo. Algeria ilijitwalia uhuru wake mwaka 1962, katika muongo ule ule ambao watoto wa Ulaya walikuwa wakiilinda Fort Sahara kwenye mazulia yao.

Hatudai kwamba waliochonga sanamu hizo walikuwa na chuki. Pengine walikuwa wameona filamu tu. Lakini mtoto anayefungua sanduku hapokei plastiki peke yake; anapokea uamuzi uliokwisha kupitishwa juu ya nani shujaa, nani adui, na nani hakuwapo kabisa. Uamuzi huo ndio uliotushughulisha zaidi ya plastiki.

Ama kuhusu hukumu ya sanamu zenyewe, msomaji asitarajie tuufunge kwa mistari michache mlango ambao maulamaa wameujadili kwa karne nyingi. Hadithi zinazowaonya wachoraji na wachongaji wa viumbe wenye roho ni sahihi, tena ni kali, na si haki kuzificha. Vilevile imepokewa katika Bukhari na Muslim kwamba Bibi Aisha (RA) alikuwa na sanamu za kuchezea yeye na wenzake nyumbani mwa Mtume (SAW). Katika Sunan ya Abu Dawud mna habari ya farasi wake mwenye mbawa mbili za vitambaa, ambaye Mtume (SAW) aliuliza habari zake, akajibiwa kwa kutajiwa farasi wa Nabii Sulayman (AS), naye akacheka. Qadhi Iyadh ni miongoni mwa walioichukua habari ya sanamu hizo kuwa ni ruhusa kwa vitu vya kuchezea watoto. Wengine wamesema ruhusa hiyo ilikuja kufutwa. Kamati yetu imefuata kauli ya ruhusa, kwa mipaka yake: askari hawa ni vitu vya mchezo na mafunzo, hawapangwi juu ya kabati sebuleni kama mapambo, hawakai mahali pa kuswalia, na mchezo ukiisha hurudi sandukuni. Mtu mzima anayetaka kujaza kabati la vioo hatumtolei kauli kwa hadithi za watoto. Huyo amwendee sheikh wake.

Kwa familia zilizoshika kauli ya tahadhari, na tunaiheshimu, ipo nusu ya pili ya ufundi huu isiyo na mgogoro wowote. Ibn Abbas (RA) alimwelekeza mchoraji aliyemjia achore miti na visivyo na roho. Mafundi wa sanamu ndogo hutumia muda mwingi kwa vitu hivyo hivyo: minazi ya waya na karatasi, kuta za mawe na chokaa, majahazi, reli, mabehewa, vibanda vya makuti. Kijana mmoja kati ya wale tuliokaa nao baba yake hakumruhusu kugusa sanamu, naye akajenga kipande cha gati kwa vijiti vya aiskrimu ambacho wenzake wote walikionea wivu.

Ajabu ni kwamba ufundi wenyewe unaikaribia tahadhari hiyo bila kukusudia. Katika kipimo cha 1/72 jicho la mtu ni dogo kuliko ncha ya pini, na mafundi wengi hawalipaki kabisa. Huacha kivuli tu chini ya ukingo wa kofia. Aliyejaribu kulipaka amepata askari anayeonekana kama mtu aliyegongewa mlango usiku wa manane.

Tuingie basi mezani. Jambo la kwanza la kujua ni aina ya plastiki, kwa kuwa wengi huharibikiwa hapo. Iko plastiki ngumu, ambayo gundi yake maalumu huyeyusha nyuso mbili zikashikana na kuwa kitu kimoja. Na iko plastiki laini inayopindika, ambayo ndiyo ya askari wengi wa 1/72, na gundi hiyo haiishiki hata kidogo. Kichwa kikigandishwa kwa gundi peke yake kwenye plastiki laini, kitaanguka siku ile ile. Dawa yake ni pini. Shingo hukatwa kwa kisu chembamba chenye makali, katika mstari wa kola ili alama ya mkato ifichike. Kisha hutobolewa tundu dogo katika kichwa na jingine katika kiwiliwili, kipande cha pini au waya mwembamba hupitishwa katikati, na hapo ndipo tone la supagluu linapofaa, kwa kuwa linaisaidia pini, si kufanya kazi yake.

Kisu hukatwa kwa kuelekezwa mbali na kidole, juu ya ubao, na makali yawe mapya. Kisu butu ndicho kinachoteleza. Kwa watoto walio chini ya miaka kumi, mkato ufanywe na mtu mzima. Mtoto atafurahi vya kutosha kuchagua kichwa.

Kugeuza hakuhitaji kukata kila mara. Plastiki laini ikitumbukizwa katika maji ya moto hulegea. Mkono ulioelekea chini huinuliwa, mguu hukunjwa, kisha sanamu hutumbukizwa mara moja katika maji baridi, ikabaki hivyo. Hapa ndipo mtoto anapoanza kuutazama mwili wa mwanadamu kwa makini ambayo hakuwa nayo. Mkono ukiinuka, bega huinuka nao. Uzito ukihamia mguu wa kushoto, nyonga ya kulia hushuka. Anayejaribu kuinua mkono na kuliacha bega pale pale hupata kitu kama tawi lililochomekwa kwenye gunia. Tumeona watoto wakisimama katikati ya chumba, wakijitazama wenyewe wanavyopiga goti, kisha wakirudi mezani kusahihisha. Na wakati mwingine kinachohitajika ni kuigeuza shingo tu, askari atazame begani badala ya mbele, na mtu mwingine kabisa amepatikana.

Pale pasipo na kitu cha kukata, huongezwa. Epoksi ya kukanda, ile inayouzwa kwa sehemu mbili zinazochanganywa kwa vidole vilivyolowa maji, hufanywa kilemba, mkoba au blanketi lililoviringishwa, ikachongwa kwa kijiti cha meno kabla ya kukauka. Karatasi nyembamba ya kufutia, ikilowekwa katika gundi nyeupe ya maseremala, hugeuka nguo. Kanzu inayopeperushwa na upepo, kwa mfano, ni karatasi hiyo tu, na dakika kumi za subira.

Hapo tuliwauliza watoto: mngependa kumgeuza nani? Tulitarajia majina ya wapiganaji wa filamu. Mmoja akasema, babu yake mzaa babu alikuwa Keya. Meza nzima ikanyamaza, kwa kuwa wengine hawakulijua neno hilo.

Keya ndilo jina ambalo wazee wetu walilipa jeshi la King's African Rifles, lililoundwa na Waingereza mwaka 1902 kwa kuunganisha vikosi vyao vya Afrika ya Kati, Afrika Mashariki na Uganda. Kumpata askari wa Keya wa Vita vya Kwanza vya Dunia kwa kumgeuza askari wa Kiingereza wa jangwani, yule wa Jeshi la Nane mwenye kaptura, ni kazi ya jioni mbili. Helmeti hukatwa, na mahali pake hufinyangwa kofia ya duara kwa epoksi. Nyuma hubandikwa kipande cha karatasi iliyolowekwa gundi kiwe kitambaa cha kuikinga shingo na jua. Miundi huzungushiwa utepe mwembamba wa karatasi, kuanzia chini ya goti hadi kifundoni, kwa mfano wa vile vitambaa vya buluu walivyojifunga. Viatu huchongwa vipungue mpaka paonekane unyayo, maana wengi wao walipigana miguu mitupu. Mtoto aliyekuwa akikwangua buti za plastiki kwa msasa alituuliza kwa nini waliopewa bunduki hawakupewa viatu. Tulimwambia aendelee kukwangua, na kwamba swali lake tutalirudia baadaye. Tulilirudia, tena kwa kirefu, na wazazi wake wakiwapo.

Aliyetaka babu wa Vita vya Pili alikuwa na kazi nyepesi zaidi. Divisheni ya 11 ya Afrika Mashariki, yenye alama ya kichwa cha kifaru, ilipita Bonde la Kabaw huko Burma mwaka 1944 katikati ya masika, na mwezi Desemba ikavuka Mto Chindwin. Askari wake walivaa nguo za kijani cha msituni na kofia pana iliyokunjwa ukingo upande mmoja. Katika seti za Airfix, askari wa Australia wana kofia ya namna hiyo. Vichwa vyao vinahama bila shida.

Lakini palikuwa na mtoto wa tatu, naye akataka askari wa upande wa Mjerumani, kwa sababu kwao inasemwa kwamba mzee wao alikuwa huko. Hapo ndipo tulipoona faida ya sanduku hili ambayo vitabu vyetu vya shule havikutupa. Mwaka 1889 Hermann von Wissmann alipotumwa kuuzima upinzani wa pwani ulioongozwa na Abushiri bin Salim, alikuja na askari wa Kisudani walioandikishwa Misri, wengi wao Waislamu. Abushiri alinyongwa Pangani mwezi Desemba mwaka huo huo. Waliokuwa wakiswali kuelekea kibla kimoja walilengana bunduki, mmoja akitetea mji wake na mwingine akitumikia mshahara. Miaka 25 baadaye, Novemba 1914, jeshi lililotoka India likashuka Tanga, ndani yake mkiwa na Wahindi wa dini mbalimbali, Waislamu wakiwamo, na mbele yao walisimama askari weusi wa Mjerumani, nao Waislamu wakiwamo. Nyuki wa mashambani waliovurugwa na risasi wakawavamia wapiganaji, hata Waingereza wakaviita vita hivyo Vita vya Nyuki. Wengi wa askari wa Mjerumani walikuwa bado na bunduki za mtindo wa 1871, zenye baruti ya moshi mzito unaomfichua mpigaji. Watoto walikipenda kijambo hicho kupita vyote, wakabandika pamba kwenye mitutu.

Sasa tumpe nani ushindi? Waliuliza wenyewe. Hatukuwa na jibu la kuwapa sakafuni, na hatudhani kwamba mzazi anapaswa kuwa nalo. Mtoto aliyekuwa akiwaua wenye vilemba kila jioni sasa ana vilemba pande zote mbili, na mchezo umekuwa mgumu.

Rangi nayo ilikuwa na somo lake. Katika vichupa vilivyotoka Uingereza kimo kimoja kilichoandikwa rangi ya mwili. Kukifungua, ni waridi iliyofifia, mwili wa Mzungu. Mtoto mmoja alipaka uso wa askari wa Keya kwa rangi hiyo kwa kufuata maandishi, akatazama, akaenda kunawa brashi bila kuambiwa. Basi tukajifunza kuchanganya. Ngozi yetu haipakwi kwa nyeusi. Nyeusi tupu kwenye sanamu ndogo huzima kila kitu, uso ukawa tundu. Huanzwa na kahawia iliyoiva yenye nyekundu kidogo ndani yake, kisha paji la uso, mashavu, ncha ya pua na migongo ya mikono huinuliwa kwa kahawia ile ile iliyotiwa rangi ya chungwa au ya ngozi iliyotengenezwa viatu. Nyeupe isitiwe, kwani ngozi hugeuka ya majivu, kama ya mtu aliyekosa mafuta. Na kwa kuwa kikosi kimoja kilikuwa na Msudani, Myao, Mnyamwezi na mtu wa mwambao, watoto walitengeneza michanganyiko minne badala ya mmoja. Kazi hiyo iliwachukua jioni nzima, huku wakilinganisha na mikono yao wenyewe iliyowekwa pamoja mezani.

Kaki, ambayo jina lake limetoka katika neno la Kiajemi la vumbi, haikuwa rangi moja. Nguo mpya ilikuwa ya hudhurungi, na iliyofuliwa mara nyingi ilikaribia weupe. Kwa hiyo mwenye kaki mbili tatu tofauti katika kikosi amepatia kuliko mwenye moja. Rangi yoyote ya kweli huonekana nzito mno inapopakwa kwenye kitu kidogo, hivyo hupunguzwa makali. Baada ya rangi ya kwanza kukauka, rangi nyeusinyeusi iliyochujwa kwa maji mengi hupitishwa juu yake, ikajilaza yenyewe kwenye mikunjo. Kisha brashi iliyofutwa mpaka karibu kukauka hupitishwa juu juu kwa rangi nyepesi, ikagusa tu palipoinuka. Kabla ya yote hayo sanamu ilikwisha oshwa kwa sabuni ya vyombo kuondoa mafuta ya kiwandani, na kupakwa rangi ya msingi. Asiyeosha ataona kazi yake ikibanduka kama ganda la embe. Vanishi ndiyo hufunga, hasa kwenye bunduki na mikuki inayopindapinda.

Wazazi wanaopenda kuwapeleka watoto kutazama kitu cha kulinganisha, walio Dar es Salaam wanayo Sanamu ya Askari katikati ya mji, kazi ya James Alexander Stevenson iliyozinduliwa mwaka 1927. Ataiona kila siku mtu, na hajaitazama hata siku moja. Mwambieni mtoto atazame mikunjo ya nguo na namna mtu anavyoegemeza uzito wake mbele nyuma ya singe.

Tuna mambo matatu ya nyumbani ambayo wauza rangi hawayaandiki. Brashi: ziko zinazotengenezwa kwa manyoya ya nguruwe, na mafundi huzipenda kwa ile kazi ya brashi kavu kwa sababu ya ugumu wake. Ziko pia za manyoya ya kicheche wa Siberia, bora na ghali. Brashi za nailoni zinaondoa shaka yote na kwa mwanafunzi zinatosha kabisa. Pili, mafundi wa zamani huilamba brashi ili ncha yake ichongoke. Mtoto asizoeshwe, hata rangi ikiandikwa kuwa haina sumu. Na sanamu za zamani za madini ya risasi, wakituma wajomba wenye kupenda vitu vya kale, zisikwanguliwe wala kupigwa msasa nyumbani, maana vumbi lake ni sumu. La tatu ni udhu. Rangi ya akriliki ikikauka ni utando, na supagluu ni zaidi ya utando. Vyote viwili huyazuia maji yasifike kwenye ngozi. Kazi isimamishwe mapema kabla ya Magharibi, vidole vioshwe kwa maji ya uvuguvugu na sabuni, na gundi iliyoganda iondolewe kwa kile kioevu cha kutolea rangi ya kucha. Sisi tulianza kupiga kengele robo saa kabla ya adhana, baada ya kuona safu ya mwisho ya wanaotawadha ikiwa na kucha za kijani cha Burma.

Limebaki la wapagazi, nalo lilitokana na mtoto wa kike aliyekuwa akiwatazama kaka zake kwa siku tatu bila kugusa kitu. Aliuliza chakula cha askari hao kilikuwa kinabebwa na nani. Katika masanduku yote yaliyokuwa mezani hapakuwa na jibu. Jibu limo katika jina la Kariakoo, ambalo ni matamshi yetu ya Carrier Corps, kikosi cha wachukuzi wa Waingereza, na Nairobi nako liko jina kama hilo. Vita vya 1914 hadi 1918 katika nchi hizi vilipiganwa mahali ambapo ndorobo waliua farasi na ng'ombe na barabara hazikuwapo, basi kila risasi na kila kibaba cha unga kilipita juu ya kichwa cha mtu. Kwa upande wa Waingereza peke yake, wapagazi waliokufa, wengi wao kwa maradhi na njaa, huhesabiwa kwa makumi ya maelfu. Walikuwamo wa kwetu wengi, waliochukuliwa kwa nguvu mashambani, na wengi wao hawana kaburi linalojulikana.

Yule binti ndiye anayewatengeneza sasa. Huchukua askari wa kaka zake waliovunjika bunduki. Mkono uliokuwa umeshika mtutu huinuliwa kwa maji ya moto mpaka uguse upande wa kichwa. Kofia hukatwa ikawa bapa, ili mzigo upate kukaa. Shati hukwanguliwa lote, na kiunoni huzungushwa karatasi iwe shuka. Anasema kosa lake la mwanzo lilikuwa kuwainamisha, mpaka alipomtazama mama muuza maji akipita na ndoo kichwani, akaona kwamba mwenye mzigo kichwani hainami, hunyooka. Mizigo anaikata kutoka kwenye kifutio cha penseli, akikadiria kilo 25 kwa kila mtu, na kuifunga kwa uzi wa cherehani. Rangi yake ni kahawia ya gunia iliyotiwa kijivu kidogo, brashi kavu juu, vumbi jekundu chini kwenye miguu hadi magotini. Amekwisha kumaliza kumi na wanne, na ameomba tumtafutie waliovunjika zaidi.